Fundi wa Zamu: Taa ya Karibu Imegoma

Safari hii zamu imeniangukia mimi. Kwa wanachama wapya: kila toleo mmoja wetu anaeleza kitu kilichoharibika kwao na namna kilivyotengenezwa, kwa Kiswahili kitupu, hata pale maneno yanapomkimbia. Toleo lililopita tulikuwa na birika la umeme. Leo naleta gari, na si gari langu. Mimi bado napanda basi.

Gari ni la ami yangu. Amekuwa akiendesha abiria hapa London tangu kabla sijazaliwa, na Oktoba iliyopita aliliaga gari lake la zamani akachukua jipya la kifahari, la umeme, kwa malipo ya kila mwezi kwa miaka minne. Viti vya ngozi, kioo cha mguso kikubwa kama sinia, vyote tulivisifu. Lakini kilichotuteka nyumba nzima ni taa. Ukilisogelea gari usiku na ufunguo uko mfukoni, hujabonyeza kitu, taa zilizo chini ya vioo vya pembeni zinamwaga mwanga ardhini na vishikio vya milango vinang'aa. Ami aliipa jina siku hiyo hiyo: taa ya karibu. Inawaka ukiwa karibu, na inakwambia karibu.

Bibi ndiye aliyeipenda zaidi. Ana miaka 79 na jicho moja tu ndilo linaloona vizuri. Kila taa ilipowaka alikuwa anajibu, "Marahaba." Alisema gari hili lina adabu, linaamkia wakubwa, si kama wajukuu fulani. Sitamtaja mjukuu huyo.

Mwezi Desemba taa ikagoma.

Mnajua giza la hapa. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Jioni moja ami alikwenda kumchukua bibi. Bibi akatangulia mbele kama kawaida yake, akitegemea mwanga umwonyeshe ukingo wa njia. Mwanga haukuja. Mguu ukakosa ukingo, akaangukia mkono. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila kifundo cha mkono kilivimba kikafungwa bendeji, na tangu siku hiyo akakataa kutoka baada ya magharibi. Maulidi ya kwa shangazi hakwenda. Harusi ya mjukuu wa shoga yake hakwenda. "Mimi na usiku basi," alisema.

Ami alipiga simu walikomuuzia gari, wakampa miadi ya wiki tatu mbele. Ndipo akanipigia mimi. "Wewe si uko chuo kikuu? Njoo ulitazame hili gari." Nikamwambia ninasoma jiografia. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo, njoo."

Kabla ya kwenda nilisoma kitabu cha gari, na nikagundua kwamba nilikuwa sielewi hata jambo la kwanza: gari halikuoni wewe, linautambua ufunguo. Milangoni mna antena ndogo zinazotoa wito wa redio wa masafa ya chini, kwa magari mengi ni karibu kilohezi 125. Wito huo unafika mita moja au mbili hivi. Ufunguo ukiusikia unaamka na kujibu kwa masafa mengine, megahezi 433 hapa Uingereza na Ulaya, 315 kule Marekani. Baadhi ya magari mapya yanaongeza Bluetooth au redio ya mawimbi mapana, ili yakutambue ukiwa mbali zaidi. Jibu likiwa sahihi, taa zinawaka. Ni kama hodi nyumbani, ila hapa mwenye nyumba ndiye anayeuliza "Nani huyo?" kabla hujagonga.

Kwa hiyo mambo matatu lazima yawe sawa. Taa zenyewe ziwe nzima. Gari likubali kwamba sasa ni wakati wa kuziwasha. Na gari na ufunguo wasikilizane. Nikaamua kuyapima moja moja, kwa mpangilio huo.

Nilifika usiku. Nikamwambia ami atembee kuelekea gari kama anavyofanya siku zote. Akatembea mpaka mlangoni. Giza. "Sasa bonyeza kitufe cha kufungulia." Akabonyeza, na taa zote zikawaka. Kipimo hicho kimoja kilituondolea mashaka mengi: balbu, waya na fyuzi ni vizima. Kama zisingewaka hata kwa kitufe, hapo ingekuwa kazi ya gereji, wala nisingegusa kitu.

La pili, je, gari limekubali? Tukaingia kwenye menyu, sehemu ya taa, mimi natafsiri na ami anabonyeza. Taa ya kukaribisha ilikuwa imewashwa. Msilidharau hili. Mtu anaweza kuizima kwa bahati mbaya akitafuta jambo jingine, na programu ya gari ikisasishwa mipangilio inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani. Kisha kuna giza lenyewe: kuna kihisi kinachopima mwanga, na magari mengi hayawashi taa hii mchana. Mwezi Juni mtu anaweza kudhani taa imekufa kumbe jua la hapa ndilo halijazama. Sisi tulikuwa Desemba, usiku, chini ya mti. Giza lilitosha.

Tena kuna usingizi wa gari. Gari likikaa siku nyingi bila kuguswa, mengine huacha kuuita ufunguo ili yasimalize betri. Na hata gari la umeme kwa kawaida lina betri ndogo ya volti 12 inayoendesha taa, vitasa na kompyuta. Ikichoka hiyo, vitu vidogo vidogo kama hivi vinaanza kuleta kasoro kabla gari halijakataa kuwaka. Lakini gari la ami linatembea kila siku, na halikuwa na onyo lolote kwenye kioo. Tukapita.

Likabaki la tatu, mazungumzo ya gari na ufunguo. Ndani ya ufunguo mna betri bapa inayoitwa CR2032. Namba hizo zina maana: upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2. Ni ya volti 3 na inauzwa hata dukani kwa vocha. Tukaingia ndani, tukaufungua ufunguo mezani, tukaweka mpya kwa kufuata alama ya kujumlisha. Nikauchukua mimi, nikatoka nje kulijaribu gari. Hatua tatu kabla sijafika, taa zikawaka!

Ami alinikumbatia. Aliniita mhandisi. Nikala biriani mara mbili nikarudi chuoni nikiwa na kichwa kikubwa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijaamka, simu. "Mwanangu, taa imegoma tena."

Nilirudi Jumamosi nikiwa sina kiburi. Nikaomba ufunguo wa akiba, nikautia mfukoni mwangu, nikalisogelea gari: taa zikawaka. Nikaurudisha ndani, mbali kabisa. Nikamwomba ami aje na wake: giza. Nikamuuliza kuhusu simu, kwa sababu ufunguo ukibanwa na simu au chaja mfuko mmoja unaweza kushindwa kusikia wito. Simu yake ilikuwa mezani. Nikamwambia arudi nyuma, atembee tena. Safari hii sikulitazama gari. Nilimtazama ami.

Akatembea mpaka mlangoni. Akatia mkono ndani ya koti. Akatoa kifuko cheusi, akafungua kifuniko, na ndani yake akachomoa ufunguo.

Kifuko kile nilikijua. Nilimnunulia mimi.

Mwisho wa Novemba gari la jirani yake liliibwa usiku, bila kioo kuvunjwa wala kelele kusikika. Wezi huja wawili. Mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba akiwa na kifaa kinachorefusha ule wito, mwingine anasimama karibu na gari. Ufunguo uliolala kwenye meza ya ukumbini unasikia wito, unadhani gari liko hapo, unajibu. Gari nalo linadhani mwenyewe amefika. Si jambo geni. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Čapkun, walijaribu mbinu hiyo kwenye aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8 na ikafanya kazi. Dawa rahisi ni kifuko chenye nyuzi za chuma ndani, kinachozuia mawimbi yasiingie wala kutoka. Asili yake ni kazi ya Michael Faraday, ambaye mwaka 1836, hapa hapa London, alionyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani ya chumba kilichozungushiwa chuma.

Hayo yote niliyajua nilipokinunua. Lakini nilipompa ami nilisema sentensi moja: "Ufunguo ukae humu, usitoke." Sikusema sababu, maana sikujua niielezeje kwa Kiswahili, na nilikuwa na haraka ya basi. Yeye akatii. Tangu siku hiyo ufunguo haukutoka mpaka mkono wake ufike kwenye kishikio. Gari lilikuwa likiita hatua zote hizo na hakuna wa kulijibu. Usiku ule wa kwanza aliutoa mfukoni na kubonyeza mbele yangu, nami sikuona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye taa. Na nilipoubeba mimi ulikuwa mkononi, hauna kifuko. Betri ya zamani, maskini, haikuwa na kosa.

Nilikaa kwenye ukingo ule ule alioanguka bibi, nikamweleza ami mambo yote: wito, jibu, wezi wawili, kifuko. Ilinichukua nusu saa. Pale neno liliponipotea nilionyesha kwa mikono, na mara mbili yeye ndiye aliyenipa neno. Alipoelewa alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Basi ungeniambia hivi tangu mwanzo." Kweli. Mimi ndiye ninayemsomea barua za benki na za hospitali, na siku zote nampa ile amri ya mwisho tu: tia sahihi hapa, kunywa mara mbili, usitoe. Sababu nabaki nayo mimi.

Tulikubaliana hivi. Usiku ufunguo unalala kwenye kifuko, na ule wa akiba pia, mbali na mlango. Akiwa anatoka, anautoa kabla hajafungua mlango wa nyumba, anautia mfuko wa koti usio na simu. Tukapima na jambo moja zaidi. Baadhi ya funguo mpya zina kihisi cha mwendo ndani: zikitulia kwa muda zinalala, hazijibu wito wowote, hata wa mwizi. Tuliuweka ufunguo juu ya kigoda kando ya mlango wa gari, tukausubiri dakika kumi bila kuugusa, wa akiba ukiwa ndani ya kifuko chake. Tukavuta kishikio: gari likakataa. Tukautikisa ufunguo: likafunguka. Kwa hiyo ufunguo wa ami unajilinda wenyewe, na kifuko ni kufuli la pili.

Nanyi mkikutwa na ugonjwa huu, fuateni njia hii kabla ya kulipa mtu. Anzeni na swali moja: kilibadilika nini kabla taa haijagoma? Sisi tungejibu hilo siku ya kwanza tungeokoa wiki. Kisha bonyezeni kitufe muone kama taa ni nzima. Angalieni menyu. Jaribuni gizani. Jaribuni ufunguo wa akiba, ule mwingine ukiwa mbali. Badilisheni betri ya ufunguo. Utenganisheni na simu. Vyote vikishindikana, nendeni gereji, na mwambieni fundi mlichokwisha kupima ili asianze upya kwa pesa zenu. Na kama mna kifuko, kijaribuni pia: tieni ufunguo ndani, simameni mlangoni, vuteni kishikio. Gari likifunguka, kifuko kimechakaa, nunueni kingine.

Nilimpigia bibi nikamweleza na yeye, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kosa langu. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo gari halikuacha adabu?" Nikasema hapana, bibi, mimi ndiye.

Ilichukua wiki mbili nyingine akubali kutoka usiku. Ami alimfuata, nami nilikuwepo, nimemshika mkono ule mzima. Tulishuka ngazi polepole. Hatua chache kabla ya ukingo taa zikawaka, lami yote ikaonekana, na bibi akasimama kwanza kuitazama.

"Marahaba," akasema, akapanda gari.

Zamu ijayo ni ya mwenzetu wa mwaka wa kwanza, na mashine ya kufulia inayotembea yenyewe jikoni. Mwenye neno zuri la Kiswahili kwa kile kifuko changu aje nalo kwenye mkutano wa Alhamisi. Ami anakiita "kaburi la ufunguo", lakini bibi amelikataa.