Aiskrimu ya Nyumbani: Baridi Haiui Vijidudu



Wapendwa wasomaji, siku hizi baadhi ya familia za parokia zetu zimepata mashine ndogo ya kutengenezea aiskrimu, ile inayokaa juu ya meza ya jikoni na kutumia umeme. Watoto wakirudi kutoka Misa ya Komunyo ya Kwanza, au siku ya Pasaka, mama hutoa bakuli kwenye friza, humimina maziwa, huongeza pipi walizochagua watoto wenyewe, na baada ya nusu saa kila mtu ana kikombe chake. Wengine hutia pipi za mnanaa, wengine tofi, wengine kashata iliyopondwa, na watu wa pwani hutia ubuyu. Hiyo ni furaha halali, wala siandiki ili kuwanyang'anya watoto furaha hiyo.

Naandika kwa sababu ya kauli moja inayosikika mara kwa mara: "Hii ni salama, nimeitengeneza mwenyewe, tena imeganda kabisa." Kwa maoni yangu kauli hiyo ina makosa mawili. Chakula hakiwi salama kwa sababu tu kimetengenezwa nyumbani, wala hakiwi salama kwa sababu kimeganda. Usalama wa aiskrimu hupatikana motoni, kabla mashine haijawashwa. Familia isiyokuwa tayari kuchemsha na kupika kwanza, afadhali iiache mashine hiyo kabatini.

Vijidudu hulala, havifi

Friza ya nyumbani inayofanya kazi vizuri huwa na baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo vijidudu vya maradhi huacha kuzaliana, lakini vingi havifi. Hulala tu. Hata maabara kubwa zinapotaka kuhifadhi bakteria kwa miaka mingi, huwagandisha. Aiskrimu ikishafika tumboni, penye joto la nyuzi 37, vijidudu huamka na kuanza kazi yao. Wahenga walisema, simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Tuanze na maziwa. Maziwa mabichi, hata yakitoka kwa ng'ombe wa jirani unayemfahamu, yanaweza kubeba salmonela, kifua kikuu cha ng'ombe, na brusela. Brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi na maumivu ya viungo kwa majuma mengi, na mara nyingi mgonjwa hudhani ana malaria. Mama mjamzito ana hatari zaidi, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza pia kuwa na listeria, kijidudu kinachoweza kuharibu mimba na ambacho huendelea kukua hata ndani ya friji. Dawa ya haya yote ni moja: chemsha.

Kisha mayai. Vitabu vingi vya mapishi ya kigeni huagiza viini vya mayai vikorogwe na sukari na kutiwa ndani ya maziwa. Pasipo kupikwa, hapo pana hatari. Watu hudhani kwamba yai likioshwa vizuri limekuwa safi. Lakini aina mojawapo ya salmonela huweza kuingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijaumbika. Kuosha ganda hakuwezi kukiondoa kilichomo ndani.

Kwa hiyo nawashauri akina mama waache mayai kabisa katika aiskrimu ya watoto na watumie unga wa kastadi. Unga huo ulibuniwa mwaka 1837 na mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, kwa sababu mkewe alidhurika na mayai. Faida yake kwetu ni kwamba haugeuki kuwa mzito mpaka upikwe hadi utokote, na maziwa yakitokota vijidudu nilivyovitaja hufa.

Chombo kichafu huharibu kazi ya moto

Moto peke yake hautoshi ikiwa kilichopikwa kinamiminwa katika chombo kichafu. Mwaka 1994 nchini Marekani watu wanaokadiriwa kuwa 224,000 waliugua kwa salmonela baada ya kula aiskrimu ya kiwanda kimoja. Mchanganyiko wa maziwa ulikuwa umeshapashwa moto wa kuua vijidudu kama inavyotakiwa. Lakini ulisafirishwa katika malori ya tangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi, kisha ukagandishwa bila kupashwa moto tena. Baridi ya kiwanda kizima haikuwasaidia watu wale.

Jikoni kwetu lori hilo ni sufuria iliyokuwa na nyama mbichi, mwiko uliolala mezani, au kipekecho cha mashine ambacho kilisuuzwa juu juu mara ya mwisho. Kila baada ya kutumia mashine, chomoa waya kwenye umeme, kisha fungua kipekecho, kifuniko na mpira wake kama upo. Vioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa, uviache vikauke kabisa. Bakuli lioshwe likishapoteza baridi yake. Sehemu yenye mota isitiwe majini, ipanguswe tu. Anayetengeneza anawe mikono kwa sabuni, na mtu mwenye kuharisha asishike kazi hiyo.

Pipi si za kila mtoto

Pipi ngumu ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Njia yake ya hewa ni nyembamba, naye hajajua kutafuna vizuri. Ndani ya aiskrimu hatari huzidi, maana pipi imefichwa na baridi imefanya mdomo ufe ganzi. Mbegu za ubuyu ni vivyo hivyo, na karanga nzima pia. Kwa hiyo twanga pipi kinuni mpaka ziwe unga, usiache vipande. Badala ya ubuyu wenye mbegu, tumia unga wa ubuyu uliochekechwa. Karanga zisagwe, na zenye ukungu zitupwe. Rangi, kama ni lazima, iwe ya chakula, iliyofungwa na kuandikwa hivyo. Rangi ya nguo au ya mikeka isiingie jikoni.

Mtoto akipaliwa akashindwa kukohoa wala kulia, usitie kidole kooni bila kuona kitu. Aliyezidi mwaka 1, mwinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, ubinye kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia hivyo mpaka kitu kitoke, huku mwingine akitafuta msaada. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka 1 alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubinywa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Tumbo lake lisibinywe.

Hesabu ya sukari

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu tunayopata kwa siku, na kwamba ikiwa chini ya sehemu 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima sehemu hizo 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Kwa mtoto ni chini ya hapo.

Sasa piga hesabu. Nusu lita ya maziwa, gramu 100 za sukari na gramu 50 za pipi, ikagawanywa kwa watu 5, kila mmoja amekula gramu 30. Hivyo ni vijiko 7 na nusu katika kikombe kimoja, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi na soda ya mchana. Kwa hiyo nasema wazi: aiskrimu ya pipi ni chakula cha sikukuu. Kanisa limetupa kalenda yenye siku za kufunga na siku za kushangilia, na mwili nao unaielewa kalenda hiyo. Nyumba inayosherehekea kila jioni haina tena sherehe, ina meno yaliyooza na hatari ya kisukari. Tusiitumie aiskrimu pia kama mshahara wa mtoto kusali au kwenda mafundisho ya katekisimu. Mtoto wa chini ya miaka 2 haihitaji kabisa.

Namna ninayoipendekeza

Kwa watu 5 chukua maziwa nusu lita, unga wa kastadi vijiko vya mezani 1 na nusu, sukari vijiko vya chai 12 vilivyosawazishwa, na pipi ndogo 5 au 6 zilizotwangwa. Hapo kila mtu atapata sukari isiyofika vijiko 4. Walio pwani wanaweza kuweka tui zito mahali pa sehemu ya maziwa, nalo litokote pamoja nayo.

Siku moja kabla, weka bakuli la mashine ndani ya friza. Bakuli hilo lina kuta mbili na kimiminika katikati, nacho kisipoganda sawasawa aiskrimu haishiki. Saa 24 hutosha. Watoto wasiliguse kwa ulimi wala kwa vidole vilivyolowa, maana ngozi hunata.

Koroga kastadi kwa maziwa kidogo ya baridi. Maziwa yaliyobaki yachemshe pamoja na sukari, umimine kastadi huku ukikoroga, urudishe motoni yatokote dakika moja au zaidi mpaka yawe mazito. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ifunike, na ukoroge mara kwa mara. Isikae mezani zaidi ya saa 2, bali iingie friji ilale usiku kucha. Kesho yake washa mashine kwanza, ndipo umimine. Usijaze mpaka juu, kwa kuwa mchanganyiko huumuka kwa hewa. Baada ya dakika 20 hadi 30 itakuwa imeshika. Unga wa pipi utiwe dakika za mwisho. Unga wa ubuyu nao utiwe wakati mchanganyiko ni baridi, kwani uchachu hukatisha maziwa ya moto. Kwa kuwa sukari ni kidogo, aiskrimu hii ikikaa friza huwa ngumu kama jiwe, hivyo iliwe siku hiyo hiyo.

Asiye na mashine asione wivu. Kabla ya umeme watu waliweka chombo cha maziwa ndani ya ndoo ya barafu iliyochanganywa na chumvi, wakakoroga kwa mkono, na bado inawezekana. Chumvi huifanya barafu iwe baridi zaidi. Ila barafu hiyo na maji yake visiingie katika chakula.

Umeme ukikatika

Aiskrimu iliyoyeyuka isigandishwe tena. Ilipoyeyuka, vijidudu vilivyoangukia humo vilipata joto, maziwa na sukari, vikazaliana. Ukiigandisha upya, utakuwa umehifadhi idadi kubwa zaidi. Kwa wanaosafiri kuna njia rahisi ya kujua kilichotokea: gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu ya barafu, ukiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka, na aiskrimu yote imwagwe. Najua inauma kumwaga maziwa. Kumpoteza mtoto kunauma zaidi.

Nayasema haya kwa wale pia wanaouza aiskrimu kwa watoto wa shule ili kupata ada na chumvi ya nyumbani. Kazi yao ni ya heshima, lakini mtoto wa mwenzako ana tumbo kama la wako. Ambacho usingempa mwanao, usikiuze.

Mtoto akianza kuharisha baada ya kula, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti yaliyochanganywa na maji safi, kidogo kidogo na mara nyingi, aendelee kunyonya na kula, na apate vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 kutoka zahanati. Akiharisha damu, akitapika kila kitu, macho yakididimia, akilegea au akipata homa kali, mpelekeni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Wapendwa, sikukuu inapokaribia, chemsheni kwanza, oeni vyombo macho mawili kabla ya kuvitumia, twangeni pipi, kisha washeni mashine na mfurahi pamoja na watoto wenu. Mungu awabariki na kuwalinda.