Waulizeni abiria wa Mtumba

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe Mtumba mwaka 2019, safari ya kazini Dodoma imerefuka. Mwenye gari lake hana shida. Mfanya usafi anayetakiwa kufungua ofisi kabla bosi hajafika hutoka Nkuhungu gizani, apande daladala hadi mjini, kisha agombanie nyingine. Nauli mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Hilo linatuuma.

Kabla ya mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na Jiji kupanga ruti ya moja kwa moja hadi Mtumba, watume watu vituoni saa 11 alfajiri: nani anatoka wapi, anaingia kazini saa ngapi, anamudu nauli gani? Wamuulize na mama lishe mwenye masufuria yake. Wakienda saa 4 asubuhi, watakuta abiria hao wameshaondoka.