MASHUA NDOGO NA AMANI YA PWANI

Nchi yaweza kupimwa kwa njia nyingi: kwa mavuno yake, kwa shule zake, hata kwa idadi ya bunduki zake. Leo twapendekeza kipimo kingine, kidogo machoni pa watu lakini kisichodanganya. Nacho ni mashua ndogo inayochukua watu wa kawaida matembezini asubuhi na kuwarudisha salama jioni. Mahali ambapo nahodha hamwogopi haramia, abiria hamwogopi askari, wala askari hamshuku kila abiria, mahali hapo pana serikali. Twachukua mfano wa pwani isiyotajwa sana miongoni mwa pwani za Ulaya, yaani pwani ya kusini ya Albania, nchi yenye watu wasiofika milioni 3.

Safari yenyewe si ngumu kueleza. Wakati wa kiangazi mashua za abiria hung'oa nanga katika mji wa Vlorë, ambapo uhuru wa Albania ulitangazwa tarehe 28 Novemba 1912. Ndani ya ghuba maji huwa matulivu, kwa sababu rasi ya Karaburun imejinyoosha upande wa magharibi na kuzuia mawimbi. Mdomoni mwa ghuba hiyo kimekaa kisiwa cha Sazan, ambacho eneo lake ni chini ya kilometa za mraba 6, mahali zinapokutana bahari ya Adriatic na bahari ya Ionian. Abiria hushuka, wakatembea kati ya majengo matupu ya wanajeshi, kisha hurejea chomboni na kuizunguka ncha ya rasi. Huko nje hali hubadilika. Majabali husimama wima kutoka majini, na vifuo vidogo vya changarawe vilivyo chini yake havifikiwi kwa barabara. Lipo pango liitwalo Haxhi Ali, jina la haramia wa zamani, ambamo mashua ndogo huweza kuingia. Kusini zaidi, katika ghuba ya Grama, mabaharia wa kale waliotafuta hifadhi ya dhoruba walichonga majina yao na shukrani zao katika mwamba, na maandishi hayo yangali yasomeka.

Askari ana sababu yake ya kuitazama pwani hii. Mwezi Januari mwaka 48 kabla ya Kristo, Julius Caesar alivusha majeshi yake kutoka Italia, akatua Palaeste, kijiji kiitwacho Palasë hivi leo, ili aukwepe ulinzi wa manowari za adui yake Pompey. Sehemu ya jeshi lake ilibaki ng'ambo, na ilipokawia kuja aliingiwa na wasiwasi. Mwandishi Plutarch asimulia kwamba Caesar alijificha katika nguo za mtu duni, akapanda chombo kidogo usiku mtoni ili aende kuwaleta mwenyewe. Mawimbi yalipokuwa makubwa na nahodha alipoamua kurudi, Caesar alijifunua na kumtaka aendelee bila hofu. Mabaharia walijitahidi kwa nguvu zao zote, lakini maji yalijaa chomboni, na yule jemadari mkuu hakuwa na budi kurudi alikotoka. Bahari haijui cheo. Nahodha aliyeamua kugeuza chombo alikuwa mdogo kwa daraja, lakini katika jambo hilo yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwa muda mrefu safari tuliyoieleza haikuwezekana. Italia ilikichukua kisiwa cha Sazan mwaka 1914, nacho kikaja kukabidhiwa Albania kwa mkataba wa amani wa mwaka 1947. Chini ya utawala wa Enver Hoxha, aliyeshika madaraka tangu 1944 hadi alipofariki mwaka 1985, kisiwa kizima kiligeuzwa kuwa ngome. Katika kituo cha Pashaliman, ndani ya ghuba hiyo hiyo ya Vlorë, ziliwekwa nyambizi za Kisovieti. Urafiki ulipovunjika mwaka 1961, Warusi waliondoka na Albania ikabaki na nyambizi 4. Huko Porto Palermo mlima ulitobolewa ili nyambizi zifichwe ndani yake, na nchi nzima ikajazwa mahandaki ya zege kwa maelfu na maelfu. Kuondoka nchini bila ruhusa kulihesabiwa kuwa uhaini. Kwa hiyo raia aliyeonekana ufukoni na kijichombo chake alikuwa mshukiwa kabla hajatia kasia majini.

Pwani hii pia ndiyo iliyozaa kesi ya kwanza ya mabishano kati ya mataifa kuamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya The Hague. Tarehe 22 Oktoba 1946, manowari mbili za Kiingereza, Saumarez na Volage, ziligonga mabomu yaliyotegwa katika mlangobahari wa Corfu, karibu na mji wa Sarandë, na mabaharia 44 wakapoteza maisha. Mahakama ilitoa hukumu tarehe 9 Aprili 1949. Ilisema kwamba Albania ilibeba dhima, kwa kuwa haikosi ilijua habari za mabomu yale na haikuwaonya wapitao. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema pia kwamba Uingereza iliivunjia Albania mamlaka yake ilipoingia na manowari mwezi Novemba 1946 kusafisha mabomu bila idhini. Twawaomba askari wetu waizingatie hukumu hiyo. Mlinzi anayeijua hatari na kunyamaza ana hatia. Na mwenye nguvu anayejichukulia sheria mkononi, hata kama madhumuni yake ni mema, naye hukosolewa.

Je, zege lile lote liliwafaa nini Waalbania? Mwaka 1997, miradi ya upatu wa udanganyifu iliyokuwa imemeza akiba za wananchi ilipoanguka, hasira ya umma iliangukia dola. Mji wa Vlorë ulikuwa mstari wa mbele katika maasi hayo. Maghala ya silaha yaliachwa na walinzi wake, na silaha zaidi ya 500,000 ziliporwa. Hapakuwa na jeshi la kigeni lililovuka mpaka; nchi iliangukia ndani, na mahandaki yakabaki yakitazama bahari tupu. Watu walikimbilia vyombo vyovyote walivyoviona ili wavuke mlangobahari wa Otranto, wenye upana upatao kilometa 72, kwenda Italia. Tarehe 28 Machi 1997, chombo kidogo kiitwacho Kater i Radës, kilichosheheni abiria zaidi ya 100, kiligongana na manowari ya Kiitalia iliyokuwa ikikizuia. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 2005 mahakama ya Brindisi iliwatia hatiani wote wawili, kamanda wa manowari na mwongozaji wa kile chombo.

Baada ya hapo motaboti zikawa chombo cha wasafirishaji wa watu na wa dawa za kulevya. Mwaka 2006 serikali ya Albania ilichukua hatua kali: ilipiga marufuku motaboti nyingi za watu binafsi kwa miaka 3, na baadaye muda huo ukarefushwa hadi mwaka 2013. Hatukusudii kuibeza hatua hiyo. Nyumba iwakapo moto haiulizwi mlango gani uvunjwe. Lakini ni dhahiri kwamba marufuku haikuchagua kati ya mhalifu na mtu mwema aliyetaka kujipatia riziki kwa chombo chake. Ufanisi tunaouona leo ulikuja pale marufuku ilipoondolewa na mahali pake pakashikwa na utaratibu. Mwaka 2010 eneo la Karaburun na Sazan lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya baharini, na mwaka 2015 kisiwa kilichokuwa siri ya jeshi kilifunguliwa kwa wageni. Mahali palipokuwa na mizinga, sasa mwananchi huuza tiketi ya safari.

Huenda msomaji akauliza: sisi wa bara, tusio na bahari, yatuhusu nini hayo? Yatuhusu, maana tunalo Ziwa Victoria. Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama karibu na Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Waliopanda hawakuwa wakikimbia vita wala njaa; walikuwa wametoka kwenda kufurahi. Tena mwaka 2017 wanajeshi wetu waliagizwa kuingia ziwani kupambana na uvuvi haramu, na tangu hapo askari na mwenye mtumbwi wakafahamiana kwa karibu zaidi, mara kwa wema na mara kwa malalamiko. Kuyafumbia macho malalamiko hayo hakuwezi kulisaidia jeshi.

Kwa hiyo twasema hivi kwa askari wa ngazi zote, wa jeshi na wa polisi. Chombo kisichofaa kizuiwe gatini kabla hakijang'oa nanga, kwani huruma ya kukiachilia ndiyo ukatili wenyewe. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, hata kama mwenye sherehe ni mkubwa wa watu au ni afande mwenyewe. Tumekwisha kuona kwamba bahari haikumwogopa Caesar. Nahodha akisema upepo haufai, asilazimishwe. Na mvuvi anayekaguliwa akaguliwe kwa heshima: vifaa vyake visiguswe nje ya sheria, wala asidaiwe hata senti moja isiyo na stakabadhi. Atakayeiona hatari majini mapema kuliko sisi sote ni yeye. Akituamini atatuambia, akituogopa atanyamaza, na ukimya wake utatugharimu.

Ulinzi wa zege huchakaa, na silaha zaweza kuporwa kwa usiku mmoja. Ulinzi unaodumu ni ule ambao raia, akiiona boti ya doria inamjia, huipungia mkono.