Kupanda Kadutu na mzigo: tusinunue injini kwa kuangalia bei tu

Kutoka ziwani kupanda hadi soko la Kadutu, hapa Bukavu, si mbali. Lakini kwa pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba mifuko ya simenti, ni gia ya kwanza toka chini mpaka juu. Mara nyingi utaikuta moja imesimama katikati ya mlima, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu, dereva amekaa pembeni akingoja injini ipoe. Wapita njia wanasema haina nguvu. Kwa maoni yangu, mara nyingi shida si nguvu. Shida ni namna injini ile inavyopozwa, jambo ambalo wanunuzi wengi hatuliulizi dukani.

Injini nyingi ndogo zinapozwa na upepo. Yale mapezi ya chuma yanayozunguka silinda ndiyo yanatoa joto nje. Ni mfumo mwepesi, wa bei nafuu, hauna bomba la kupasuka, na kila fundi anaufahamu. Lakini upepo unaletwa na mwendo. Ukipanda polepole na mzigo, injini inatoa joto jingi saa ileile upepo umepungua. Tena mji wetu uko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na inabeba joto kidogo zaidi.

Kuna injini zingine zilizoongezewa radiata ndogo ya mafuta ya injini. Inasaidia kweli. Lakini mafuta yakipungua au yakichoka, unapoteza ulainishaji na upozaji kwa pamoja.

Aina ya tatu ni ya maji. Pampu inazungusha maji kando ya silinda, yanakwenda kupoa kwenye radiata, na feni inavuta hewa hata chombo kikiwa kimesimama. Kwa mlima, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Wapo watakaosema kwamba ya maji ni ghali na ina vitu vingi vya kuharibika. Wana haki. Matope yakiziba radiata, injini inachemka. Dereva akijazia maji ya ziwa Kivu, yenye madini mengi, ukoko unajijenga ndani kidogo kidogo. Hata kifuniko cha radiata si kitu cha kudharau: kwa urefu wetu, maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na ni mgandamizo wa kile kifuniko unaoyazuia kuchemka mapema. Kikiharibika, kinunuliwe kingine. Na kisifunguliwe injini ikiwa na joto, maana mvuke unaunguza uso.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni huu: anayebeba abiria mmoja kwenye barabara tambarare atoshwe na injini ya upepo. Anayepandisha simenti, makala au viroba vya maharagwe kila siku atafute ya maji, na aweke pembeni pesa ya kuitunza.

Shida ni kwamba anayechagua na anayeumia si mtu mmoja. Mwenye pikipiki ndiye anayenunua, na anatafuta bei ndogo. Dereva ndiye anayedaiwa pesa ya kila jioni. Siku pistoni inakwama, anaambiwa ameendesha vibaya, analipa fundi, na nyumbani watoto wanalala bila kula. Si haki kumlaumu mtu kwa injini ambayo hakuichagua.

Basi, wenye vyombo, kabla ya kununua mketi na dereva, mwulize atapita wapi na atabeba nini. Wauzaji, mwambieni mteja ukweli kuhusu uzito na milima. Na ninyi madereva ambao tayari mna injini ya upepo: punguzeni mzigo, safisheni matope kwenye mapezi, badilisheni mafuta mapema, pumzikeni kabla injini haijalalamika. Msimwagie maji baridi injini yenye joto, inaweza kupasuka.

Mlima wa Kadutu hautashuka. Ni sisi tunaopaswa kuchagua vizuri.