Sheria Itangulie Tangi

Tarehe 22 Oktoba 2024, lori lililobeba petroli lilipinduka huko Kigogwa, katika barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu. Raia walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Hatuukumbushi msiba ule ili kuwatonesha wafiwa vidonda. Twaukumbusha kwa sababu kila askari aliyezisikia habari zile alijua papo hapo yaliyopasa kufanywa: kuwazuia watu, kuzima injini na sigara, na kuwaita zimamoto. Petroli twaijua. Harufu yake twaijua, na moto wake twauona.

Lakini ziko nishati nyingine zinazokuja, ambazo hatujazizoea. Mwezi Septemba 2023 jirani zetu wa Kenya walitangaza mpango wao wa hidrojeni, ile gesi iwezayo kutolewa katika maji kwa nguvu za umeme. Mbolea imo miongoni mwa shabaha zao za mwanzo, na mbolea ya namna hiyo hutokana na amonia. Sisi nasi tunao umeme wa maji: bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilifunguliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Kwa hiyo si ndoto kusema kwamba siku moja tangi la hidrojeni au la amonia litapita Malaba au Busia, na konstebo wa barabarani atainua mkono kulisimamisha.

Je, konstebo huyo atashika sheria gani? Sheria yetu ya Ugavi wa Petroli ni ya mwaka 2003, na kama jina lake lisemavyo, yahusu petroli na mazao yake. Mwaka 2020 ikapatikana sheria ya mafuta yatokanayo na mimea, nayo ilikuwa hatua ya kusifiwa. Hata hivyo, hidrojeni iliyotolewa katika maji si petroli, wala si zao la mmea. Na kitu kisichotajwa kwa jina katika sheria ni rahisi kukosa mkaguzi.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ikiwa katika hewa kwa kadiri ya asilimia 4 hadi 75, yaweza kushika moto, na wakati wa mchana mwali wake karibu hauonekani. Mtu aweza kuuingia kwa miguu yake mwenyewe. Ni nyepesi, hupanda na kujikusanya chini ya paa, hali gesi ya kupikia ni nzito na hutambaa mitaroni. Amonia nayo huchoma macho na mapafu, na kila aendaye kuokoa hana budi kukaa upande utokako upepo. Amri moja haiwezi kuzitosha zote. Askari autafutaye moto kwa macho, kama alivyozoea kwenye petroli, atakufa kwa ushujaa usio na faida.

Wako wasemao kwamba ni mapema mno, na kwamba sheria zitawatisha wenye mitaji. Hoja hiyo ina uzito, maana nchi yetu yahitaji viwanda na mbolea. Lakini mwenye mtaji wa kweli hutaka kuyajua masharti kabla ya kutoa fedha zake. Umoja wa Ulaya haukungoja. Mwaka 2024 uliyaondoa maagizo yake ya gesi ya mwaka 2009, ukatoa mapya yanayoitaja hidrojeni waziwazi.

Wala karatasi peke yake haitoshi. Mwanzoni mwa Februari 2024, lori la gesi lililipuka usiku huko Embakasi, Nairobi. Watu wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba ilikwisha kuyakataa maombi ya leseni ya mahali pale. Katazo lilikuwamo ofisini. Gesi ilikuwapo mtaani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria zetu za nishati zizitaje hidrojeni na amonia kwa majina, pamoja na mkaguzi wake. Pili, kila tangi libebe kibao chenye namba ya Umoja wa Mataifa: 1203 ni petroli, 1075 gesi ya kupikia, 1049 hidrojeni iliyoshindiliwa, 1005 amonia, na askari azijue namba hizo kama aijuavyo namba ya bunduki yake. Tatu, kanuni iseme ni nani mwenye amri mahali pa ajali, na raia wasogezwe umbali gani, kabla ya ndugu zetu wa zimamoto kufika.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuikagua ardhi kabla ya kuivuka. Tangi likisha kupinduka, konstebo wa Malaba hana nafasi ya kufungua kitabu. Yaliyomo kitabuni hayana budi kuwa kichwani mwake tayari. Na ili yafike kichwani mwake, yapasa yaandikwe sasa.