Msinipigie Makofi, Naumwa

Wapenzi wasomaji, na hasa ninyi washikaji tunaokutana kila Jumamosi jioni kusomeana mashairi, leo sina shairi. Leo nina ugomvi.

Mwezi uliopita alikuja kijana mgeni, mwanachuo, akasimama kusoma kazi yake mbele yetu. Alisoma dakika arobaini kama anayekimbizwa. Hajamaliza jambo hili, kesharukia lile. Anacheka peke yake, shati limelowa jasho. Akatuambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba ana siku tano hajalala na wala hasikii usingizi. Alipomaliza, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mkubwa wetu mmoja akamshika bega, akatutangazia: "Huyu ndiye! Msanii wa kweli lazima awe chizi kidogo."

Mimi sikupiga makofi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, miguu haina nguvu. Maneno yaleyale niliambiwa mimi mwaka 2021, na mtu yuleyule, mkono ukiwa begani hivyohivyo. Yalinigharimu cherehani ya mama yangu.

Ngoja nisimulie, maana najua wengi wenu mliisikia nusu tu ya hadithi, ile nusu inayochekesha.

Mwaka 2021 nilikuwa na miaka 27, nimepanga chumba Sinza, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Ikaja wiki moja usingizi ukanikimbia. Sikuchoka. Nilijisikia nina akili kuliko watu wote wa jiji hili. Kwa usiku tisa nilijaza madaftari kumi na moja. Nilimtukana bosi mbele ya wateja, nikaacha kazi huku nacheka. Nilikopa kwenye simu, mkopo huu nikalipia ule, ili nichapishe diwani yangu nakala elfu tatu. Fedha zilipokwisha, na mama alikuwa amekwenda msibani Korogwe, niliingia chumbani kwake Magomeni nikaitoa cherehani yake nikaiuza. Cherehani iliyonilipia ada tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne! Na sikuona aibu hata kidogo. Nilijiambia akirudi atanikuta tajiri.

Jumamosi ile nilikuja kijiweni kwetu nikasoma mpaka sauti ikakauka. Mlinipigia makofi. Mliniita nabii. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Wewe, umelala lini?"

Halafu nikashuka. Miezi miwili nililala kitandani nikitazama dari. Kuoga kulinishinda. Chakula kilikuwa mchanga mdomoni. Vitabu, ambavyo ndivyo roho yangu, nilivifungua nikaona herufi tu. Nilianza kuhesabu faida za kutokuwepo duniani, na hesabu ile ilikuwa inanitulia vizuri mno. Nasikia ninyi mlikuwa mnasema, "Mwacheni, anatunga kitu kizito." Jamani! Sikuwa natunga chochote. Nilikuwa nakufa.

Mama alinikuta katika hali ile. Hakuniuliza habari za cherehani. Alinichemshia uji, akaninyoosha nguo, halafu akafanya alivyojua. Shekhe alinisomea. Mganga mmoja wa njia ya Bagamoyo alisema nimetupiwa jini na mwenzangu mwenye wivu. Majirani wakasema bangi. Simlaumu mama kwa lolote, hakuna aliyempa jina jingine la kuliita jambo lile. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tunaojiita watu wa maneno, tukakosa neno.

Siku moja nilijikokota mwenyewe mpaka zahanati moja, ambayo sitaitaja. Mhudumu alinisikiliza dakika tano, akasema ni sonona, akanipa vidonge vya sonona. Baada ya wiki tatu nilikuwa nimepaa kuliko mara ya kwanza. Safari hii ndugu zangu walinipakia kwenye bajaji kwa nguvu, wakanipeleka hospitali kubwa. Huko, nilipotulia, nilikaa na daktari, dada wa makamo, mpole. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza:

"Kabla hujaanza kuhuzunika, kulikuwa na kipindi ulijisikia vizuri kupita kiasi?"

Ndugu msomaji, swali hilo lisome mara mbili. Nani huenda hospitali kwa sababu amefurahi? Mtu hupelekwa au hujipeleka akiwa chini, akaeleza huzuni, akatibiwa huzuni. Ile nusu ya juu anaiona ndiyo afya yake, ndiye yeye mwenyewe halisi. Ndiyo maana wengi huishi na maradhi haya miaka na miaka wakidhaniwa wana sonona tu. Na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu wa namna hii juu zaidi, kama ilivyonitokea mimi.

Daktari akauliza tena, "Katika ukoo wenu kuna mtu aliwahi kuwa hivi?" Nikajibu haraka kwamba hakuna. Mama alikuwa ameketi pembeni, kanga kaivuta mpaka mdomoni. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Dokta, kaka yangu alikuwa hivihivi."

Mjomba! Mjomba ambaye tangu utotoni tuliambiwa alikwenda Mererani kuchimba tanzanite. Kumbe hakufika Mererani. Alipelekwa Dodoma, Mirembe, akarudi, akashuka tena, akafia kijijini kwenye chumba kilichofungwa kwa nje. Ukoo mzima ulikula kiapo cha kunyamaza. Laiti ningeambiwa nikiwa na miaka kumi na minane, leo ningekuwa bado nasikia cherehani ile ikilia asubuhi.

Maradhi yangu yanaitwa baipola. Si jini wala bangi, ingawa bangi huyachochea. Mtu hupanda siku nyingi mfululizo: usingizi mdogo bila uchovu, maneno mengi, mawazo yanayokimbizana, matumizi ya fedha ya ovyo, kujiona huwezekani. Halafu hushuka kwa wiki kadhaa au miezi. Hutembea katika damu za ukoo, ingawa si lazima kila mtoto aurithi ugonjwa huo. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana, umri huu huu wetu tunaoanza kuandika. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Damu hupimwa ili kuondoa sababu nyingine, kwa mfano tezi ya shingo. Daktari huutambua kwa kukusikiliza wewe na kuwasikiliza wanaoishi nawe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao. Kwa hiyo usijione wewe ni wa ajabu sana.

Na msinielewe vibaya. Kufurahi Jumamosi na kununa Jumatatu si baipola, huo ni ubinadamu. Wala mtu asijipachike jina hili ili aonekane msanii. Nazungumzia mabadiliko ambayo wanaokujua wanayaona, yanayodumu siku na siku, yanayokula kazi yako, fedha zako na watu wako.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Nilipotoka hospitali na vidonge, mkubwa wetu yuleyule aliniita pembeni. "Bwana mdogo," akasema, "ukimeza hivyo utaua kipaji. Wamekupa kamba ya kujifungia." Nilimwamini. Niliacha dawa kwa wiki sita, na sitasimulia yaliyotokea katika wiki hizo sita, nitasema tu mama alizeeka.

Mzee wangu, nakuheshimu, umenifundisha mizani na vina. Lakini hapa umekosea, na makosa yako yana damu.

Kwanza, madaftari yale kumi na moja. Nimeyasoma yote nikiwa na akili zangu. Mnajua kuna nini ndani? Mstari mmoja umerudiwa kurasa nne. Michoro ya mabawa. Barua kwa marais. Maneno yanayosukumana kama abiria wa daladala ya jioni, hakuna aliyekaa. Katika madaftari kumi na moja niliokoa mistari miwili. Miwili! Hicho ndicho "kipaji" nilichouzia cherehani.

Pili, mnapenda kutaja wazungu wenu waliokuwa wagonjwa. Haya, tuwataje. Robert Lowell, mshairi wa Marekani, alilazwa mara nyingi kwa maradhi haya. Mwaka 1967 alianza kutumia lithiamu. Mwaka 1973 alitoa diwani ya The Dolphin, nayo ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1974. Je, kipaji kilikufa? Na Kay Redfield Jamison, ambaye mwaka 1993 aliandika Touched with Fire kuhusu uhusiano wa maradhi haya na usanii, kitabu ambacho watu wa hoja yenu hukikimbilia? Mwaka 1995 aliandika kingine, An Unquiet Mind, akasema wazi kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa na kwamba lithiamu ndiyo iliyomshikilia. Mnanukuu kitabu cha kwanza, cha pili mnakiruka. Huo ni usomaji gani?

Tatu, turudi nyumbani. Mnampenda Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974. Hata mimi nampenda. Lakini Kazimoto alijiua, Kezilahabi hakujiua. Kezilahabi alifundisha, alisahihisha mitihani, alisoma mpaka akawa profesa, akaendelea kuandika, akafariki mwaka 2020 akiwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Kazimoto asingeweza kuandika Kichwamaji. Riwaya inataka mtu anayeamka asubuhi, anakaa kwenye kiti, na kesho anarudi tena kwenye kiti kilekile. Uchizi haukai kwenye kiti.

Siku hizi mitaani hata rafiki wa karibu tunamwita mchizi. Tunacheka. Lakini chizi mwenyewe akipita, uchi, akiokota makopo, tunavuka barabara. Tunautaka uchizi wa kwenye jukwaa, ule wa jalalani tunamwachia mama yake.

Sitawadanganya kuhusu dawa. Lithiamu ni chumvi ya madini. Daktari wa Australia, John Cade, alitangaza faida yake mwaka 1949. Anayeitumia lazima apimwe damu mara kwa mara, maana ikizidi ni sumu, na figo na tezi huangaliwa pia. Wengine hupewa dawa ambazo pia hutibu kifafa. Nilipoona hivyo nilipiga kelele, "Mimi sina kifafa!" mpaka nikaelezwa kuwa dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Kina dada, mkipewa valproeti mwambieni daktari kama mna mimba au mnafikiria kuzaa, kwa sababu ina madhara makubwa kwa mtoto tumboni. Ila msiiache kimyakimya, mwulizeni awabadilishie. Mimi nimenenepa. Mikono hutetemeka kidogo asubuhi. Nina kiu ya ngamia. Naandika ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu. Lakini kesho yake nikiusoma ukurasa ule bado ni ukurasa.

Kama umejiona humu ndani, fanya hivi. Andika kwenye daftari umelala saa ngapi kila siku kwa majuma mawili. Mwite mtu mmoja anayekujua, mwulize bila woga: nimebadilika? Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, na nenda na mtu huyo. Ukifika, usieleze huzuni peke yake. Eleza na zile siku ulizojiona mfalme. Na kama zile hesabu za kutokuwepo zimeanza kukutulia, usisubiri majuma mawili. Nenda leo, usiku huuhuu, usikae peke yako. Ukitaka kusali, sali. Shekhe wa mama yangu sasa ndiye anayenikumbusha siku ya kliniki. Dua haigombani na kidonge.

Nimalizie na yule kijana. Jumamosi ile nilimsubiri kwenye ngazi. Alipotoka, bado akicheka, sikumsifu. Nilimuuliza anaishi na nani, akanitajia dada yake. Nilimpigia dada mtu, tukampeleka hospitali usiku uleule, yeye akinitukana njia nzima. Alisema nina wivu na kipaji chake. Mpaka leo hanisalimii. Lakini dada yake alinipigia juzi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeogopa kulitaja jambo zuri lisije likakimbia: "Kaka, amelala."

Basi, washikaji, Jumamosi ijayo akija mwingine, ana siku tano macho yamemtoka, msimwite nabii. Shusheni mikono. Mwulizeni amelala lini, halafu mpelekeni.

Cherehani nimeshaanza kuilipia kwa mafungu, Kariakoo. Bado mafungu mawili.