Tanakuzi si Utabiri: Dhidi ya Usomaji Mvivu wa Rapu

Wapo wahakiki ambao wakiikuta tanakuzi katika utenzi huisifu kuwa hekima, lakini wakiikuta katika rapu huiita mkanganyiko wa mawazo. Wapo wengine, wanaojidai kuwa watetezi wa rapu, ambao kila kauli inayojipinga kwao ni ushahidi wa kipawa. Makala haya yanayapinga makundi yote mawili, kwa kuwa kosa lao ni moja: hayaisomi kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa The Notorious B.I.G. wa New York. Albamu yake ya kwanza, Ready to Die, yaani 'tayari kufa', ilitoka mwaka 1994. Ya pili, Life After Death, yaani 'maisha baada ya kifo', ilitoka Machi 1997, siku 16 baada ya msanii huyo kuuawa kwa risasi mjini Los Angeles. Tangu hapo imekuwa desturi kudai kwamba anwani hizo zilikuwa utabiri. Dai hili linavutia, lakini ni uhakiki wa kaburini. Albamu ya kwanza inafunguka kwa kuzaliwa kwa mtoto na kufungika kwa nafsineni kujiua. Mtoto anazaliwa chini ya anwani inayotangaza utayari wa kufa. Hiyo ndiyo tanakuzi. Albamu ya pili nayo inaanzia pale pale ya kwanza ilipokomea, hivi kwamba nafsineni iliyojinyamazisha inarejeshewa sauti. Ukinzani huu uliundwa msanii akiwa hai. Anayeusoma kama ubashiri anamnyang'anya ufundi wake na kumwachia msiba tu.

Rapu ya Kiswahili haiko mbali na mbinu hii. Katika 'Ndio Mzee' (2001) ya Professor Jay wa Tanzania, mwanasiasa anamwaga ahadi zisizotekelezeka na umati unaitikia kwa kukubali. Neno hilo la kukubali ndilo linalobeba mashtaka: kadiri linavyorudiwa ndivyo linavyokanusha. Sisi tuliolelewa na methali isemayo kupotea njia ndiko kujua njia hatustahili kuhitaji mkalimani hapa.

Hata hivyo, si kila ukinzani ni tamathali. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: ondoa upande mmoja wa ukinzani, kisha uulize iwapo maana ya kazi nzima inaporomoka. Ikiporomoka, hiyo ni tanakuzi. Lakini rapa anapomtukuza mama katika wimbo mmoja na kuwatukana wanawake katika wimbo unaofuata, bila wimbo wowote kuuhoji mwingine, tulicho nacho ni ukinzani wa mtu au wa soko. Kuuita tanakuzi ni kuyavisha matusi joho la kitaaluma.

Idara zetu zina dhamana hapa. Mwanafunzi wa uzamili anayefunzwa kuorodhesha tamathali bila kuzipima atahitimu akiwa karani wa istilahi. Naye atakapokabidhiwa darasa, atawafunza wengine ama kuidharau rapu asiyoisikiliza, ama kuisifu kwa yale isiyoyasema. Rapu inastahili kile tunachoupa utenzi: msomaji makini, anayeweza pia kuikosoa.